Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Abu Ghayib alizima gari mbele ya nyumba yake, gari likasema maneno yake, naye akalijibu kama kila siku: "Na wewe pia, bibi. Mungu akuweke."

Dirisha lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara, wanaume waliokaa kwenye mabenchi ya Hatim muuza chai wakaangua kicheko, maana hicho ndicho kilikuwa kitumbuizo chao cha saa mbili kasorobo asubuhi, tena bila kiingilio.

"Leo Mchina wako kasemaje?" Hatim akauliza, birika mkononi.

"Kasema uoshe vikombe."

"Mwambie maji ya Basra yenyewe chumvi tupu. Nikiviosha ndiyo navichafua."

Gari lilikuwa la Kichina na halikujua lugha nyingine. Mtu fulani huko China alilitumia miaka miwili, likapitia Dubai, likashushwa bandarini Umm Qasr pamoja na wenzake, na Abu Ghayib akalinunua kwa fedha za kuuza Brazili, gari lake kuukuu, pamoja na bangili mbili za mkewe. Brazili ile alikuwa nayo tangu vita vya Iran. Ikikohoa alijua ni plagi, ikipiga mluzi alijua ni mkanda wa feni, na ikinyamaza kabisa alijua pa kuigonga. Hili jipya halikukohoa wala kupiga mluzi. Lilikuwa na skrini pana kama sinia, na ndani ya skrini aliishi mwanamke mwenye la kusema kuhusu kila jambo: ukifungua mlango anasema, ukikanyaga breki anasema. Abu Ghayib alikuwa mtu wa adabu, hakuweza kusemeshwa na mwanamke akakaa kimya. Basi maneno ya kuwasha gari akayafanya salamu, maneno ya kuzima akayafanya kwaheri, na kwa miezi minane wawili hao wakaelewana kuliko ndoa nyingi za mtaa wa Jumhuriya.

Jina lake halisi lilikuwa Mufleh, lakini hata mkewe hakulitumia. Basra mwanamume huitwa kwa jina la mwanawe, na yule ambaye Mungu hakumjalia mtoto watu humwita Abu Ghayib, baba wa asiyekuwepo, ili naye asikose heshima mbele za wenzake. Mwanzoni jina hilo lilimchoma. Baadaye akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Mara moja tu, miaka ile ya vikwazo vya uchumi, mkewe Nadhima alishona nguo sita za mtoto mchanga. Nguo zilikuwa bado kabatini, na hakuna aliyezitaja.

Watoto aliowapata walikuwa wa watu wengine, tena wa nusu saa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwapeleka shule asubuhi na kuwarudisha adhuhuri, wanne wanne, kutoka mlangoni kwa mama hadi getini kwa mwalimu. Mwaka huu alikuwa na Hawra wa darasa la tano, aliyekaa mbele kwa sababu ya ukubwa na umbea wake. Mapacha wa daktari wa meno, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya wiki. Na Tabarak wa darasa la kwanza, mdogo kama kidole, aliyekaa nyuma kulia karibu na dirisha na kusinzia njia nzima. Mama yake Tabarak alikuwa muuguzi na mjane. Hakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea mtoto.

Kuwahesabu watoto wakishuka ni kazi bure, wanamwagika kama dengu kwenye gunia lililotoboka. Kwa hiyo Abu Ghayib alihesabu mabegi. Yote aliyaweka kwenye buti, na wakifika shuleni alisimama nyuma ya gari, akampa kila mmoja lake huku akiligonga kwa kiganja: moja, mbili, tatu, nne. Miaka thelathini na mmoja hesabu hiyo haikuwahi kumwangusha, na alikuwa akijisifia kwayo hata kwa watu wasiomuuliza.

Lakini gari lilianza kumpa mawazo. Siku moja milango ilijifunga yenyewe juu ya daraja na kukataa kufunguka mpaka ng'ambo. Siku nyingine, asubuhi, liligoma kabisa kuondoka: skrini ilionyesha mstari mwembamba ukitambaa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, polepole kama mchwa, na kwa dakika arobaini gari likakaa pale likijifundisha mambo mapya kutoka huko lilikotengenezwa, bila kumwomba mtu ruhusa. Watoto walichelewa kipindi cha kwanza.

"Gari linasoma, watoto hawasomi," Hatim alisema, na kauli hiyo ikazunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri.

Abu Ghayib akaamua kulifundisha Kiarabu. Kama ni kugombana na gari, alisema, angalau wagombane kwa lugha moja.

Kule Hamdan, katikati ya gereji za mafundi weusi kwa oili, kulikuwa na chumba kimoja chenye kiyoyozi na sakafu safi. Humo alikaa Ustadh Hikmat, mwalimu wa fizikia aliyegundua kwamba kompyuta ya magari inalipa kuliko ubao. Mafundi wenzake walimcheka kwa sababu mikono yake ilikuwa myeupe, lakini kila jioni walimletea magari yaliyowashinda. Ustadh aliingiza waya chini ya usukani, akakodolea macho kompyuta yake, akagonga vitufe.

"Gari la siku hizi ni kompyuta iliyoota magurudumu," alisema bila kuinua kichwa. "Zamani likikuudhi ulilipiga nyundo. Sasa ukilipiga nyundo, linakumbuka."

Saa moja na nusu baadaye yule mwanamke wa kwenye skrini alimkaribisha Abu Ghayib kwa Kiarabu safi cha watangazaji wa habari. Abu Ghayib alifurahi hadi akampa Ustadh mkono mara mbili. Njia nzima alimsikiliza akisema geuka kulia, punguza mwendo, na kila mara alimjibu, kama watu waliokuwa wakiandikiana barua na sasa wameonana.

Akafika nyumbani, akazima gari.

"Kuna mtu kwenye kiti cha nyuma," sauti ikasema. "Tafadhali hakikisha kabla ya kuondoka."

Aligeuka hata kabla ya neno la mwisho. Kiti kilikuwa kitupu. Palikuwa na makombo ya biskuti na kifutio cha mmoja wa mapacha, basi.

"Haya, kasemaje leo?" Hatim akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Leo tunaelewa sote!"

Abu Ghayib alibaki ameshika usukani. Ubaridi ulimpanda kutoka kwenye visigino, na haukuletwa na yale maneno yenyewe. Ni kwamba aliyajua. Urefu ulikuwa ule ule, mapigo yale yale, hata ule mpumuo mdogo katikati ulikuwa pale pale. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwaheri yake. Miezi minane, kila alipozima gari lisilo na mtu, mwanamke yule alimwambia kwamba kuna mtu nyuma yake, naye alijibu kwa adabu zote, na wewe pia, bibi, akapanda ngazi kwenda kunywa chai.

Akaitazama skrini. Pembeni palikuwa na picha ndogo ya gari kama linavyoonekana kutoka juu, nayo aliizoea, aliidhani pambo. Viti vinne vilikuwa vya kijivu. Cha tano, cha nyuma upande wa kushoto, mgongoni pake kabisa kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, kilikuwa na alama ya mtu, ya rangi ya manjano.

Alimweleza Nadhima akiwa amesimama mlangoni, viatu miguuni. Alitegemea mkewe apige ukelele, achome mbegu za harmali za kufukuzia majini, amwite sheikh. Nadhima alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Anakaa upande gani?" akauliza.

"Nini?"

"Huyo mtu. Anakaa upande gani?"

"Kushoto. Nyuma yangu."

Nadhima akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa mgeni amelazwa chumba gani. Harmali alichoma, ndiyo, alizungusha kifukizo ndani ya gari mpaka Hatim na wenzake wakakohoa, lakini alipomaliza hakutoka. Aliingia nyuma akakaa upande wa kulia, akafunga mlango, akakaa humo muda wa kutosha mtu kunywa kikombe cha chai. Abu Ghayib alisimama nje akijifanya anaangalia tairi, akiona haya na akiogopa, na asijue kipi kati ya hivyo viwili kilimzidi.

Kesho yake alirudi Hamdan mbio. Ustadh Hikmat alimsikiliza bila kucheka, na hilo nalo likamtisha. Alieleza kwamba kwenye dari la gari kuna kifaa kidogo kinachotafuta pumzi. Kikiona kitu kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu, hata kiwe kifua cha paka, kinatoa habari. Wakakijaribu: Ustadh akaingia nyuma kulia, alama ya kulia ikawaka, akatoka, ikazimika. Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Kisha Ustadh akainua macho, akacheka kwa mara ya kwanza. Juu ya dirisha la kushoto, Nadhima alikuwa ametundika shanga ya buluu yenye matundu saba, ile ya kukinga husuda, siku ile ile gari liliponunuliwa.

"Huyu hapa jini wako. Hii inaning'inia inatikisika, inapanda inashuka. Mashine inadhani ni mtu anapumua. Wachina hawajui husuda, ndugu yangu, hawakuiweka kwenye hesabu."

Shanga ikaondolewa. Siku ya kwanza gari lilizimika bila neno, na siku ya pili pia. Abu Ghayib aliwasimulia watu wa Hatim kisa chote, wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Siri yake ni hii: siku ile ya pili, baada ya kuzima gari, alikaa kidogo zaidi ya kawaida akisubiri, na aliposhuka moyo wake ulikuwa mzito.

Siku ya tatu akazima gari. Shanga ilikuwa mfukoni mwake.

"Kuna mtu kwenye kiti cha nyuma."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Adhuhuri ile alizima gari mbele ya nyumba ya kina Hawra, mapacha na Tabarak wakiwa wameshashuka, na Hawra akasikia. Jioni mama wa Hawra alijua, na usiku haujaingia daktari wa meno akapiga simu. Alisema yeye ni mtu wa sayansi na haamini mambo hayo, lakini hataki wanawe wapande gari moja na mtu asiyemjua. Mama Tabarak, ambaye Abu Ghayib alimwita Umm Tabarak kama wote, yeye alituma ujumbe mfupi tu: "Gari lako lina nini?" Ujumbe huo ndio uliomkosesha raha. Laini yake ya kupeleka watoto shule ikivunjika, wale wengine wangepata gari lingine. Yule muuguzi angeacha zamu za asubuhi, au angeacha mtoto asisome.

"Mzibe mdomo," akamwambia Ustadh Hikmat.

Ustadh hakugusa vitufe mara moja. "Kumziba naweza. Lakini kitu hiki kiliwekwa kwa ajili ya watu wanaosahau watoto ndani ya magari. Na jua hili la Basra unalijua."

"Miaka thelathini na mmoja, Ustadh. Sijasahau hata chupa ya maji ya mtoto."

"Nakwambia tu."

"Nami nakwambia. Mzibe."

Sauti ikazimwa. Picha ile ndogo Ustadh alishindwa kuiondoa; walioitengeneza, alisema, walikuwa wameifunga kwa ufunguo ambao yeye hana. Basi mwanamke akanyamaza, na kila asubuhi saa mbili kasorobo alama ya manjano ikabaki pale pale, nyuma kushoto, kimya. Abu Ghayib alijifunza kutoitazama. Alizima gari, akasema kwa mazoea, "Na wewe pia," kisha akajiona mjinga, akashuka haraka.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuja pamoja na joto lake. Usiku wa kuamkia mtihani wa kusoma, jenereta la mtaa liliungua, na Basra nzima upande ule ikalala juu ya mapaa ikijipepea kwa maboksi. Asubuhi watoto walipanda na macho mekundu. Tabarak alilala kabla gari halijapita msikiti wa kwanza.

Shuleni palikuwa na vurugu ya magari, honi, na akina mama wakisomea watoto dua kupitia uzio. Mapacha walitokea mlango wa kushoto wakigombania rula. Abu Ghayib alikuwa ameshafungua buti. Akampa pacha begi, akaligonga. Akampa mwenzake, akaligonga. Hawra akaja akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe na la Tabarak, ami, nimpelekee."

Tabarak alikuwa na desturi ya kukimbilia msalani kabla ya kitu kingine chochote. Hawra alidhani ameshakimbia. Abu Ghayib naye hakudhani lolote. Aligonga la tatu, akagonga la nne, hesabu ikatimia, akafunga buti. Nyuma yake dereva mwingine alikuwa akipiga honi na kumwombea mabaya.

Nyumbani akaegesha mahali pake. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaondoka, jua lilikuwa limekalia paa la gari lote. Akazima kiyoyozi, akazima gari, na kabla skrini haijafifia jicho lake likaangukia kwenye picha, ingawa hakutaka. Alama ya manjano ilikuwa pale kushoto. Kulia palikuwa na ya pili.

"Ndiyo," akaiambia kwa hasira, "leo umeleta na mwenzako." Akafunga gari, akapanda ngazi.

Nadhima alikuwa amemwekea chai ya ndimu kavu na mkate wa samuni wenye siagi ya nyati wa kufugwa. Alimuuliza, kama alivyomuuliza kila siku tangu shanga iondolewe, kama yule bado yupo. Abu Ghayib alikuwa na kiu. Alimeza nusu kikombe kwanza.

"Yupo. Tena leo kaleta mwenzake, wamekaa wawili kama maharusi." Akacheka, maana ilikuwa kauli nzuri, na alipanga kwenda kumpa Hatim.

Nadhima hakucheka. Alikuwa ameshika sahani, akaiweka mezani taratibu sana.

"Wawili," akasema. "Mmoja tunamjua, Abu Ghayib. Wa pili nani?"

Kikombe kilianguka bila yeye kujua kama alikitupa au kilimponyoka. Ngazi zile arobaini na mbili alizishuka bila viatu. Lami ilimchoma nyayo, na hakuisikia. Ufunguo ulimkataa mara mbili, gari likawa linafunga na kufungua, linafunga na kufungua, huku watu wa Hatim wakisimama mmoja mmoja kutoka kwenye mabenchi yao. Mlango ulipofunguka joto lilimpiga usoni kama tanuri la mkate.

Tabarak alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kimeelekea kushoto, kama mtoto aliyelala mapajani pa mtu. Nywele zilikuwa zimelowa zimegandamana na shavu. Alikuwa mwekundu. Alikuwa anapumua. Kioo cha dirisha la kushoto kilikuwa kimeshuka vidole vinne, na Abu Ghayib, ambaye katika joto la Basra hajawahi kuacha dirisha wazi huku kiyoyozi kikifanya kazi, alikiona kile kioo na akakiweka moyoni kwa ajili ya baadaye.

Akamnyanyua. Alipokuwa akigeuka na mtoto begani, skrini ilikuwa imewaka kwa sababu ya mlango. Alama ya kulia ilizimika mbele ya macho yake. Ya kushoto ikabaki.

Nadhima alimlaza kwenye sakafu ya vigae, akampangusa kwa kitambaa cha maji, shingo, kwapa, nyayo, huku akimwita kwa jina. Hatim mwenyewe alipanda na barafu yake yote ya siku ile ndani ya ndoo. Baada ya muda mtoto akafungua macho, akaomba maji, akanywa, akaomba tena, kisha akauliza kama mtihani umekwisha. Abu Ghayib alitoka akaenda jikoni, akaegemea ukuta, akalia kilio ambacho hakuwa amelia tangu miaka ya vikwazo. Halafu akachukua simu akampigia mama yake mtoto. Nadhima hakumwambia afanye hivyo, na saa ile mama huyo asingejua kama yeye asingepiga.

Umm Tabarak alikuja na sare yake ya hospitali. Alimpima mwanawe mapigo, akamwangalia macho na ulimi, akamuuliza maswali madogo madogo, yote hayo bila kumtazama Abu Ghayib hata mara moja. Kisha akambeba, akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa gari lile lile.

"Tupeleke nyumbani."

Alimwingiza mtoto kwanza, akaanza kumsukuma ndani ili naye apate kukaa. Abu Ghayib alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Kule kushoto pabaki wazi, mama." Yule mwanamke akamtazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akampakata mtoto, akakaa kulia, na kule kushoto pakabaki wazi.

Mlangoni kwake alishuka, akasimama.

"Ulihesabu nini, Abu Ghayib?"

"Mabegi."

"Mimi sikukupa begi," akasema. "Nilikupa mtoto."

Akaingia, na kitasa cha chuma kikajifunga kwa ndani. Abu Ghayib alikisikia kitasa kile mchana kutwa, alipokuwa akiwarudisha wengine, alipokuwa akila, alipokuwa akienda Hamdan.

Ustadh Hikmat aliyasikia yote. Hakusema nilikwambia, na kwa mwalimu hilo ni jambo kubwa. Alirudisha sauti. Kuhusu kioo kilichoshuka vidole vinne, alitafuta kwenye kompyuta yake mpaka jasho likamtoka humo humo kwenye kiyoyozi. Magari mengine, alisema, yamefundishwa kufanya hivyo joto likizidi. Kama hili limefundishwa, hakuona mahali palipoandikwa. Mwishoni akaielekeza kalamu yake kwenye skrini, kwenye alama ya manjano.

"Na huyu? Nikimpata mwenye ufunguo wa picha hii, naweza kumtoa."

"Mwache," Abu Ghayib akasema.

Asubuhi iliyofuata alishuka mapema. Nadhima alimfuata hadi chini, akairudisha ile shanga ya buluu mahali pake juu ya dirisha la kushoto, akaifunga mafundo mawili, akamwaga maji nyuma ya gari kama anavyomwagiwa msafiri ili arudi salama. Kwa Hatim mabenchi yalikuwa tayari yana watu. Wakamsalimu tu.

Kwa kawaida alianza na Hawra. Leo alianza na Umm Tabarak, saa kumi na mbili na nusu, wakati kuta za uchochoro bado zina ubaridi kidogo. Kila siku alipiga honi mara mbili. Leo hakupiga. Alikuwa amejiambia njiani kwamba atasubiri robo saa, na asipofunguliwa ataondoka, na hatamlaumu mtu. Mlango wa chuma wa kijani ulikuwa umefungwa. Hapakusikika redio wala bomba la maji.

Akazima gari.

"Kuna mtu kwenye kiti cha nyuma. Tafadhali hakikisha kabla ya kuondoka."

Akageuka mwili mzima, akatazama kama inavyopasa kutazama, kulia, katikati, kushoto, chini ya viti. Kisha akashuka, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akauvuta mkanda. Ulikuja taratibu, mrefu, akauzungusha mbele ya kile kiti kitupu, akaacha nafasi kidogo usibane, akauchomeka mpaka ukasema klik. Kwenye skrini, kando ya alama ya manjano, kikawaka kidoa cha kijani.

"Nimehakikisha, bibi," akasema.

Akasimama pale, mkono juu ya paa la gari ambalo bado halijapata moto, macho kwenye mlango wa chuma. Ndani, mtu alikuwa akitembea kwa kandambili. Hatua zikafika mlangoni zikasimama, na baada ya kitambo kitasa kikaanza kusogea.